Josiane na Daftari la Mzinga

Josiane Mirindi hakuwa mtu wa kulia. Muulize yeyote katika parokia yake pale Black Rock, mtaa wa mji wa Buffalo, Amerika, atakuambia vivyo hivyo: yule mama ni jiwe. Kwenye misiba ya wenzake alikuwa wa kwanza kufika na sufuria ya maharage na wa mwisho kuondoka, mikono ndani ya maji ya sabuni, akisugua vyombo vya watu, macho makavu. Walimsifu kwamba ana moyo mkubwa. Sifa hizo mimi sizikubali. Mama yule alikuwa amekufa ganzi, na aliyekufa ganzi husifiwa bure kwa sababu hasumbui mtu.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alizaliwa katika milima iliyo juu ya Kalehe, mashariki ya Kongo, akaolewa huko, akafiwa na mume huko, akakimbilia Uganda na watoto wawili wadogo, kisha akaletwa Buffalo wakati wa theluji akiwa amevaa kandambili juu ya soksi. Watoto wale sasa ni watu wazima. Mmoja anapakia maboksi ghalani, mwingine yuko chuoni, na wote wawili ukiwaita kwa Kiswahili wanakuitikia kwa Kiingereza. Lakini kwenye karatasi za serikali Josiane alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza aliitwa Chimène.

Chimène alikufa mwaka 2012, akiwa na miaka kumi na tano. Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, basi nilieleze vizuri. Walipofika Uganda walipanga foleni ya kuandikishwa. Wakongo waliotangulia waliwafunza waliokuja nyuma: taja watu wako wote, aliye mbali mtaje, aliyepotea mtaje, maana jina lisiloingia leo halitaingia tena. Zamu ya Josiane ilipofika, karani alimuuliza ana watoto wangapi. Akasema watatu. Karani akauliza wa tatu yuko wapi. Josiane akafungua mdomo aseme amekufa, akajisikia akisema yuko Kongo. Karani akaandika, akaita anayefuata.

Tangu siku hiyo Chimène aliendelea kukua kwenye karatasi. Akatimiza kumi na nane, akatimiza ishirini. Familia ilipokwisha kukaa Amerika mwaka na kitu, Elie, mdogo wake Josiane anayeishi Louisville, alijaza fomu ya kuomba mtoto aliyebaki aletwe kwa mama yake, akaandika kwamba sasa yuko Uganda. Elie alijua fika kwamba mpwa wake hayupo. "Yaya, tia tu signature," alimwambia dada yake. "Inaweza kutusaidia siku moya." Josiane akatia sahihi, kama alivyotia kwenye kila karatasi iliyowekwa mbele yake, kisha akarudi jikoni.

Na kwa kuwa hakuna aliyetamka kwamba Chimène amekufa, matanga yake hayakuwahi kuondolewa. Kwao, siku ya kuondoa matanga chakula hakiguswi mpaka mtu aliyeshuhudia kifo asimame mbele ya ukoo aeleze: ilikuwa siku gani, saa gani, marehemu alikuwa akifanya nini, alisema nini mwisho. Asiposimama huyo, hakuna wa kumshikia nafasi. Aliyeshuhudia kifo cha Chimène na kubaki hai alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa akiosha vyombo.

Kazi yake ilikuwa Kenmore, mwendo wa basi kutoka Black Rock, kwa mzee mmoja aitwaye Lemke. Alikuwa na miaka tisini na moja, fundi chuma mstaafu, mjane, mwenye kucha safi na ulimi mkali. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Aliona kingo za vitu tu, hivyo akikusemesha alitazama sikio lako. Josiane alimwogesha, alimpa dawa, alimpikia uji wa shayiri, na kuanzia saa nne hadi saa sita alimsomea.

Alichomsomea ni daftari. Babu yake Lemke alikuwa baharia wa Kijerumani, na katika vita vya kwanza vya dunia alitolewa melini akapelekwa kwenye msitu mmoja wa Ufaransa, kuhudumia mzinga ambao ulimwengu haujapata kuuona tena. Mtutu wake ulipita mita thelathini. Ulikuwa mrefu mno hata ukajipinda kwa uzito wake wenyewe, ikabidi ufungwe nyaya kwa juu kuunyoosha. Kombora lake lilizidi kilo mia moja, likapanda juu mpaka hewa ikawa nyembamba, likakaa angani dakika tatu, likashuka Paris, umbali wa kilomita mia na ishirini. Lemke alipenda kuonyesha dirisha upande wa ziwa na kusema kwamba mzinga ule ukiuweka pale Kenmore ungeipiga Toronto, ng'ambo ya ziwa, na kombora likatamani kuendelea. Josiane aliitikia kwa kichwa, akasahau kuwa mzee haoni kichwa, akasema, "Yes, mister."

Babu yule hakuwa mpigaji. Alikuwa mwandishi wa kikosi. Kazi yake ilikuwa kuandika namba ya kombora, saa lilipotoka, na hali ya hewa. Lemke alikuwa ametafsiri daftari zima kwa Kiingereza kabla macho hayajamwacha, na sasa jumba moja la makumbusho lililitaka, naye hakutaka liende na kosa hata moja. Kwa hiyo Josiane alisoma mstari kwa mstari na mzee alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Namba tisa, saa mbili na dakika kumi, mawingu. Namba kumi, saa mbili na nusu, mawingu. Ilikuwa kazi rahisi kwake. Alisoma vita vile kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua sokoni.

Barua ilifika mwezi wa nne. Chimène Mirindi, mwenye miaka ishirini na saba, anaitwa Kampala kwa mahojiano. Josiane aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni na koti lake, akaipiga picha, akamtumia Elie, akapanda basi. Siku nzima alingoja kuona kama atahisi kitu. Hakuhisi kitu.

Elie alipiga simu alasiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Yaya, unaona vile Mungu anafanya? Ile barua haiite mwili, inaita jina. Donc basi tutamutuma Angelika."

Angelika alikuwa mtoto wa dada yao Liberati, aliyefia kambini Uganda. Angelika mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitano, bado kambini, peke yake, na kila mwaka aliambiwa angoje mwaka unaofuata.

"Batapima mate," Josiane alisema, akimaanisha kile kipimo cha kuthibitisha mama na mtoto.

"Mara ingine banapima, mara ingine hapana. Na damu iko ya kwetu tu. Yaya, yule mutoto atakufia kule. Unataka afie kule?"

"Sitaki."

"Basi unanyamaza tu. Sikuombe kufanya kitu. Unanyamaza vile umenyamaza siku zote."

Maneno hayo ya mwisho Elie hakuyasema kwa ubaya, lakini yalimchoma, na kuchomwa kwenyewe kulimshangaza, kama mguu uliolala unapoanza kuwasha. Akasema atafikiri. Elie akamwambia mahojiano yako baada ya wiki saba.

Sasa ona mtego ulivyokaa. Angelika akija kwa jina la Chimène, msichana mmoja aliye hai anaokoka. Lakini Chimène angekuwa anaishi Buffalo, ana kadi, ana kazi, anakwenda kanisani Jumapili. Nani angethubutu kumlilia? Na Josiane akisema ukweli, Angelika anabaki kambini, na yeye mwenyewe atakuwa amekiri kwamba miaka yote hii alimhesabu maiti kuwa mtu hai. Wiki ya kwanza alinyamaza. Wiki ya pili alinyamaza. Kunyamaza alikujua.

Katika wiki ya tatu walifika ukurasa ambao Lemke alikuwa akiungoja. Josiane alisoma kwamba asubuhi hiyo mzinga ulipasuka na watu kadhaa wa kikosi wakafa. Babu aliandika majina yao, na chini yake mstari mmoja: zamu ya kombora ilirukwa.

"Unaelewa maana yake?" Lemke aliuliza. Josiane akasema hapana.

Mzee akakunja ngumi ya kushoto, akaingiza kidole cha kulia katikati. Kila kombora likitoka, alisema, lilikula chuma cha mtutu kwa ndani, na tundu likapanuka kidogo. Kwa sababu hiyo kila kombora lilichongwa nene kidogo kuliko lililotangulia, likapewa namba, na lilifaa zamu yake peke yake. La kumi na moja haliingii mahali pa la kumi. Ukilisukumiza humo, linakwama.

"Wako wanaosema haikuwa hivyo, kwamba lilikuwa kombora bovu tu," alisema. "Lakini babu aliamini hivi mpaka anakufa. Kwamba mtu alichukua moja akaliweka kwa zamu ya jingine, akafikiri hakuna atakayejua."

Josiane akaomba ruhusa akaoshe kikombe. Kikombe kilikuwa kisafi.

Ukurasa wa Ijumaa Kuu walifika siku mbili baadaye. Alisoma namba, akasoma saa, alasiri. Hewa safi, upepo kidogo. Jioni supu ya njegere, na mkate haukuiva vizuri.

"Hilo liliangukia kanisa," Lemke alisema. "Watu walikuwa kwenye ibada. Paa likashuka juu yao. Karibu watu tisini."

Josiane aliutazama tena mstari ule, asione kanisa lolote ndani yake.

"Alijua?"

"Alikuja kujua baadaye, kwenye gazeti. Nimetafuta daftari zima. Hakuandika neno. Aliandika supu."

"Na wale watu, walisikia mzinga?"

"Wangesikiaje? Ulikuwa mbali mno. Siku ya kwanza watu wa Paris walisimama barabarani wakatazama juu, wakitafuta ndege."

"Na sisi tulitazama juu," Josiane alisema.

Alisema kwa Kiingereza chake kile cha kazini, bila kupandisha sauti, na alipokwisha kusema alijishika mdomo. Lemke aligeuza uso akatazama sikio lake. Wazungu wa kliniki aliyotibiwa Josiane walipokuwa wakimuuliza habari za vita walimwinamia, wakashusha sauti, wakamuuliza anajisikiaje, naye hakujua la kuwajibu kwa sababu hakujisikia. Mzee Lemke hakuuliza hivyo. Labda ni mazoea ya wiki zile zote za kusahihisha. Aliuliza kama alivyouliza kila mstari.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

"Hali ya hewa?"

"Jua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ikaacha."

"Makombora mangapi?"

"Mawili. La kwanza liliangukia shamba la mihogo. La pili kanisani. Wanakwaya walikuwa wanafanya mazoezi."

"Nani alikuwemo?"

"Binti yangu."

Akakaa pale na daftari mapajani. Kila kitu kilikuwepo. Miaka kumi na miwili alidhani amesahau, kumbe hakuna aliyemuuliza saa. Lemke alinyoosha mkono hewani kidogo akitafuta wake, akaupata, wakakaa hivyo mpaka muda wa dawa. Josiane bado hakulia. Ila vidonge alivihesabu mara tatu kabla ya kumpa.

Alimpigia Elie akiwa kituo cha basi.

"Angelika asiende," alisema. "Minaenda kuandika kama Chimène alikufa."

Elie akafoka. "Yaya, uko na akili kweli? Juu ya mutu mwenye alikufa unaua mwenye kuwa hai? Na wewe batakuuliza juu ya nini ulibadanganya!"

"Baniulize."

"Na Angelika nimuambie nini?"

"Sijuwe. Elie, akikuja na jina ya mutoto wangu, kila siku nitamuita Chimène na ataitika. Chimène nitamulilia wapi? Nimechoka kumuficha."

Elie akakata simu. Josiane alipanda basi, akakaa karibu na dirisha, na moyo ulimuuma. Usidhani kwamba alijiona mwema. Alimwona Angelika kwenye hema lake, na alijua ni yeye anayemwacha pale.

Wakili wa msaada wa bure alimsikiliza, akavua miwani, akamwonya kwamba huenda faili lake mwenyewe likafunguliwa upya. Josiane akasema lifunguliwe. Wakaandika pamoja barua fupi, yenye tarehe, saa na mahali, na safari hii Josiane alisoma kila neno kabla ya kutia sahihi. Kisha akampigia dada yao mkubwa, Généreuse, anayekaa Columbus.

"Bon," Généreuse alisema baada ya kusikia yote, na alikuwa tayari analia. "Levée de deuil, kuondoa matanga, tutafanyia hapa kwangu. Columbus njo iko katikati. Elie nitamusemesha mwenyewe."

Walikusanyika Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mchana, watu wapatao arobaini, nusu sebuleni na nusu uani. Elie aliendesha gari kutoka Louisville na mke wake, akaingia amekunja uso, akaketi karibu na mlango. Samaki wadogo waitwao sambaza, maharage na ugali wa muhogo vilikuwa mezani vimefunikwa. Juu ya kabati Généreuse aliegemeza simu, na ndani ya simu alikuwepo Angelika, uso wake ukikatika na kurudi kwa sababu ya mtandao. Katekista akasali, kisha akauliza kama ilivyo desturi: nani aliona?

Josiane akasimama. Alijua pa kuanzia.

"Ilikuwa siku ya ine, Alhamisi," alisema. "Saa munane na robo. Mvua ilinyesha asubui, ikaacha, jua ikatoka. Chimène alivaa jupe ya bleu, ile sketi yake. Nilimuambia ale kwanza, akasema atakula akirudi kwa répétition ya kwaya. Minaanika mihogo inje. Ya kwanza ikaanguka kwa shamba. Hatukusikia mahali ilitoka. Tulitazama juu, tukawaza iko ndege. Batoto ba kwaya bakanyamaza, kisha maître, mwalimu wao, akabaambia baendelee, basiogope. Bakaendelea kuimba. Njo ya pili ikakuja. Nilifika wa kwanza. Nilimujua kwa jupe. Alikuwa bado moto. Chakula yake ilikuwa kwa sahani, nilikuwa nimefunika. Nilirudi nyumbani, nikaosha ile sahani. Sijuwe juu ya nini. Niliosha tu."

Katekista akasema jina la marehemu kwa sauti, watu wakalirudia, na ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutamkwa mbele ya ukoo pamoja na neno amekufa. Ndipo sauti ikatoka kabatini.

"Mama mudogo."

Watu wote wakageuka kuitazama simu.

"Mujomba alinitumia tarehe ya kuzaliwa ya Chimène," Angelika alisema. "Na jina ya masomo kwenye alisomea, na ya mwalimu. Mwezi muzima, kila asubui, nilikuwa najisemea: miye ni Chimène Mirindi. Bilianza kuingia kichwani. Juzi mutu aliniita Angelika kwa foleni ya maji, sikuitika." Uso ukakatika, ukarudi. "Hakuna mwenye aliniambia vile alikufa. Leo njo nasikia. Donc... miye nabaki Angelika. Nabaki huku. Lakini mama mudogo, ungekuwa unaniita, na miye naitika, na yeye iko kule anangoja chakula yake."

Josiane alitaka kumwambia amsamehe. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa neno. Ilitoka chini kabisa, mbaya, kubwa, hata watoto uani wakaacha kucheza. Alilia amesimama, kisha amepiga magoti, kisha kichwa chake kikiwa mapajani mwa Généreuse. Watu walikula, wakaaga, yeye bado analia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Vyombo vya siku ile aliviosha Elie. Alikunja mikono ya shati, akasimama jikoni kwa dada yake mpaka sahani ya mwisho.